"Sio Yeye Tena": Utu wa Mtu Anayesahau

"Huyu sio yeye tena."

Maneno hayo niliyasikia jikoni, katika nyumba ya mjomba wangu mtaani Kaptembwo, Nakuru, Jumapili moja baada ya ibada. Aliyeyasema ni binti yake, binamu yangu, na anampenda kuliko wengi wetu. Ndiye anayeamka saa tisa usiku kumbadilishia shuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa ameketi sebuleni, hatua tano kutoka pale, na chai ilikuwa imempoa mkononi.

Karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa demenshia hufikia siku ya kuitamka sentensi hiyo. Ni fupi, lakini imefungia maswali matatu yaliyosukwa pamoja kama nywele. La kwanza: huyu bado ni mtu, mwenye hadhi ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa akitutuma dukani? La pili: ni mtu yule yule tuliyemjua, au ni mwingine aliyebaki na sura yake? La tatu: ikiwa hawezi kueleza anachotaka, nani aseme kwa niaba yake, na aseme lipi? Tusipoyafumua, jibu la swali la pili hutumika kulijibu la kwanza. Tunaona amebadilika, basi tunaanza kumtendea kana kwamba ameondoka. Hapo ndipo mzee huanza kuogeshwa kama sufuria.

Niseme kidogo juu ya ugonjwa wenyewe. Demenshia ni jina la hali, si la ugonjwa mmoja: ubongo unaharibika taratibu hadi kumbukumbu, lugha, uamuzi na kazi za kila siku vinalegea. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo kikubwa, kwa kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Wengine huupata baada ya mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na presha na sukari zisizotibiwa huchangia sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Kabla ya kukubali kwamba mzee wako ana demenshia, mpeleke apimwe. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, maambukizi ya mkojo, virusi vya ukimwi, hata dawa anazomeza, vyote huweza kumvuruga mtu akili, na vingi kati yake vina tiba. Mkanganyiko uliomjia ghafla, kwa siku mbili tatu, ni dharura. Usikubali kuambiwa ni uzee tu.

Mwanamke ambaye kwake ugonjwa wa Alzheimer ulielezwa kwa mara ya kwanza aliitwa Auguste Deter, Mjerumani. Daktari Alois Alzheimer alianza kumhoji mwezi Novemba 1901 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, mwezi mmoja hivi kabla ya reli kufika Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 51. Aliulizwa jina lake, akasema Auguste. Jina la mumewe? Auguste. Akaambiwa aandike jina lake, akashindwa kulimaliza. Maneno yake mengine yamebaki hadi leo: nimejipoteza.

Litamke neno hilo polepole kwa Kiswahili. Ni, me, ji, poteza. Msemaji yumo mara mbili. Aliyepotea yumo, na anayeona kwamba amepotea naye yumo. Mtu aliyekwisha kabisa hawezi kusema nimejipoteza.

Lakini wazo kwamba mtu ni kumbukumbu zake lina mizizi mirefu. Mwaka 1694 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alitenganisha binadamu na mtu. Binadamu ni mwili ulio hai wa jinsi yetu. Mtu ni kiumbe mwenye fikra anayeweza kujitambua kuwa ni yeye yule, jana na leo, hapa na kule, na kinachomwunganisha wa jana na wa leo ni ufahamu wake mwenyewe. Ifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake, utafika mahali ambapo mzee asiyeikumbuka harusi yake si yule aliyeoa. Ila tumtendee haki Locke: alikuwa akiwaza habari za hukumu, nani astahili lawama au thawabu kwa tendo la jana, na alisema wazi kwamba neno "mtu" ni la kisheria. Ni sisi tuliokichukua kipimo cha mahakamani tukakiingiza chumbani kwa mgonjwa.

Huku kwetu kipimo kimekuwa kingine. John Mbiti, mwana wa Kitui, aliandika mwaka 1969: mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi mimi nipo. Wahenga walikuwa wameshalisema kwa maneno matatu: mtu ni watu. Kwa mwenye demenshia hii ni habari njema. Asipokumbuka yeye, wapo wa kumkumbukia. Jina lake analo mjukuu. Hadithi ya siku alipokosa treni akatembea kwa miguu kurudi kazini inajulikana na watu wanane, na akiianza ikamkatikia njiani, yeyote kati yetu anaweza kuimalizia.

Hata hivyo, siwezi kuipaka asali. Mwanafalsafa wa Nigeria, Ifeanyi Menkiti, aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika utu hauji siku ya kuzaliwa. Mtu huupata polepole, kwa kutimiza wajibu wake katika jamii, na huongezeka kadiri anavyokua. Mzee ni mtu zaidi kuliko mtoto. Inapendeza, lakini inazua swali baya: asiyeweza tena kutimiza wajibu anashuka ngazi? Mghana Kwame Gyekye alimpinga. Kwake yeye, mtu ni mtu kabla jamii haijampa chochote. Jamii humsaidia kustawi, haimuumbi. Mimi nasimama na Gyekye, na sababu yangu haiko kwenye vitabu.

Katika magharibi ya Kenya kuna watu wanaoogopwa kwa kukimbia usiku. Waluo humwita jajuok. Husemekana hutoka nje gizani, uchi au nusu uchi, akizunguka nyumba za watu, na asubuhi haelezi lolote. Sasa mfikirie mama wa miaka 78 mwenye demenshia. Jua likitua huingiwa na wasiwasi, jambo la kawaida sana katika ugonjwa huu. Anaamka saa nane usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa. Amevua nguo kwa sababu hakumbuki vifungo. Anagusa milango ya majirani, na akiulizwa hana jibu. Mtaa mzima una neno la kumwita tayari, na neno hilo si mgonjwa. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, umati uliwaua wanawake wanne wenye umri mkubwa kwa madai ya uchawi. Sidai kwamba walikuwa na demenshia. Nasema kwamba kama utu ni kitu ambacho watu hutoa, basi watu wanaweza kuuchukua, na siku ya kuuchukua huja usiku na viberiti.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 28, haikuacha mlango huo wazi. Inasema kila mtu ana hadhi ya asili, na haki ya hadhi hiyo kuheshimiwa na kulindwa. Haikuongeza "mradi anakumbuka".

Na Kiswahili chenyewe kimeliona jambo hili kitambo. Kipofu, kiziwi, kiwete, kizee: maneno haya yamebeba kiambishi cha vitu, kile kile cha kiti na kijiko. Lakini kitenzi kikija, sarufi inakataa. Hatusemi kiziwi kimefika. Kiziwi amefika. Jina linaweza kumvua mtu nguo, kitenzi kinamvisha. Sikiliza pia tunavyolitumia neno utu. "Hana utu" husemwa juu ya anayemnyima mjane shamba au anayempita majeruhi barabarani. Sijawahi kusikia ikisemwa juu ya mgonjwa, hata aliyelala miezi mitatu bila fahamu. Mgonjwa haulizwi kama ana utu. Anayemuuguza ndiye huulizwa.

Hapo ndipo wazo la Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, linapotufaa, kwa tahadhari. Mwaka 1997, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Kitwood alieleza utu kuwa ni hadhi ambayo binadamu hupewa na wenzake ndani ya uhusiano, kwa kutambuliwa, kuheshimiwa na kuaminiwa. Neno "hupewa" linanitia wasiwasi kwa sababu nilizokwisha kusema. Ningeliweka "hutambuliwa": hadhi ipo, kazi yetu ni kuipokea. Lakini alichokiona Kitwood kwa macho yake ni kikubwa. Aliona kwamba mgonjwa hadidimii kwa sababu ya seli za ubongo peke yake. Hudidimizwa pia na namna watu wanavyomtendea siku nzima. Aliorodhesha tabia 17 zinazomla mtu: kumpuuza, kumharakisha, kumfanya mtoto, kumdanganya, kumsema mbele yake kana kwamba hayupo, kumfanyia kila kitu hata anachokiweza. Akasisitiza kwamba wanaofanya haya kwa kawaida hawana nia mbaya. Wamechoka, au hawajawahi kuambiwa.

Yeye na wenzake walibuni namna ya kuliona hili: mtu huketi katika chumba cha wagonjwa na kuandika, kila baada ya dakika 5, nini kinampata kila mmoja. Jumamosi moja nililijaribu nyumbani kwa mjomba. Niliketi pembeni na daftari kuanzia saa tatu hadi saa sita, vipande 36 vya dakika tano tano. Nyumba ilikuwa na watu saba na televisheni. Mjomba alisemeshwa katika vipande vinne. Vitatu vilikuwa amri: fungua mdomo, inua mguu, kaa chini. Cha nne kilikuwa salamu, kutoka kwa mtu aliyeleta maziwa. Nyumba yenyewe ni ya watu wanaompenda, na mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wakipita mbele yake bila kusimama.

Kuna mtihani mmoja ambao ningeomba ukomeshwe katika kila nyumba. Mgeni anaingia, anainama mbele ya mzee, anauliza kwa sauti ya juu: "Mzee, mimi ni nani? Nitaje! Umenisahau?" Watu wote wanageuka kutazama. Mzee anaangalia uso, anaangalia mikono, anatabasamu kwa hofu. Akikosea, watu wanaguna. Akinyamaza, mgeni anamgeukia binti na kusema, "Kweli ameisha." Mtu ambaye maisha yake yote aliwapokea wageni mlangoni kwake anafanywa mwanafunzi aliyeshindwa, katika nyumba aliyoijenga. Mgeni angeweza kusema tu: "Mulembe, mjomba. Ni mimi, mtoto wa dada yako, nimetoka Kisumu." Salamu, kama hiyo mulembe ya Waluhya, huishi muda mrefu baada ya majina kufa, kwa kuwa imekaa mahali pengine katika ubongo, pamoja na nyimbo, sala na mambo tuliyoyarudia maelfu ya mara. Mjomba hajui jina langu kwa mwaka wa tatu sasa. Ukimwambia mulembe, atakujibu, na mkono atautoa.

Sasa swali la pili, kama ni yeye yule.

Miaka miwili iliyopita tulikubaliana kwamba mjomba hasemi tena kitu cha maana. Alikuwa akinung'unika jioni nzima, maneno yanayofuatana bila kituo, na wajukuu waliozaliwa hapa Nakuru wakaanza kuyaiga. Jioni moja akaingia mama mmoja anayeuza mboga barabarani, mtu wa Butere. Alikuja kudai pesa zake za sukuma wiki. Akasimama mlangoni, akasikiliza, akaweka kikapu chini, akamjibu. Mjomba akamjibu naye. Wakaongea kwa dakika kama kumi. Mama yule alipokuwa akiondoka tulimwuliza yeye: mzee alikuwa anasema nini? Akatushangaa. "Anauliza kama ndama amefungwa, na kama mvua imefika upande wa mto. Kwani nyinyi hamumsikii?"

Hatukumsikia. Kiswahili alichojifunza alipoanza kazi ya reli kilikuwa kimemtoka, na Kiingereza kabla yake. Alikuwa amerudi kwenye Kimarama, Kiluhya cha kwao. Hii hutokea kwa wagonjwa wengi, si wote: lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka, ile ya mama hubaki. Mji kama Nakuru, ambao watu wake wametoka kila pembe ya Kenya na watoto wao wakakulia Kiswahili, una wazee wangapi wanaohesabiwa kuwa wamepotelewa na akili ilhali wamepotelewa na wasikilizaji? Kile tulichokiita upotevu wa mtu kilikuwa, kwa sehemu yake, upungufu wetu.

Mwili nao hukumbuka. Mtafiti wa Kanada, Pia Kontos, amelieleza vizuri: ubinafsi wa mtu haumo kichwani tu, umo katika mkao wake, mikono yake, namna anavyoweka kola ya shati sawa. Mjomba alibadilisha njia za treni kwa zaidi ya miaka 30, akivuta vyuma vizito kwa mikono. Jioni huushika mkono wa mlango kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wote, akavuta. Tulidhani anataka kutoroka, tukaweka kufuli. Kijana wa jirani, ambaye babu yake alikuwa wa reli pia, ndiye aliyemwuliza siku moja, "Mzee, njia iko wazi?" Mjomba akageuka, akamtazama, akasema kwa Kiswahili ambacho hatukujua bado anacho: "Iko wazi." Akaenda kukaa. Haifanyi kazi kila siku. Siku nyingine huvuta hadi jasho linamtoka. Lakini tangu hapo hakuna aliyesema anavuta mlango bure.

Kwa hiyo ni yeye yule? Steven Sabat, mwanasaikolojia Mmarekani aliyekaa na wagonjwa kwa miaka mingi akiwasikiliza, amesaidia kulitegua fumbo. Anaona nafsi katika sura tatu. Moja ni ile inayosema mimi na yangu, na hii hudumu hata majina yote yakipotea. Ya pili ni sifa za mtu: mrefu, fundi, mpenda nyimbo, sasa pia mgonjwa. Ya tatu ni nafasi zake mbele za watu: baba, bosi, mzee wa kanisa, mkwe. Hii ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu mtu hawezi kuishika peke yake. Huwezi kuwa baba pasipo mtoto anayekubali kuitwa mwanao. Watu wakikataa kushika ncha ya pili ya kamba, sura hiyo huanguka, na lawama huwekewa ugonjwa.

Nilielewa vizuri zaidi kwa sababu ya beseni la maji.

Binamu yangu anauza nguo sokoni, hivyo asubuhi kazi ya kumwogesha mjomba iliangukia mke wa kaka yake. Mara ya kwanza mjomba aling'ang'ania taulo. Mara ya pili alimpiga mkononi akalia machozi, yeye mjomba. Tukasema amekuwa mkali, ugonjwa umepanda. Palizungumzwa habari za dawa ya kumtuliza. Kisha shangazi mmoja akaja kutoka Butere kwa ajili ya mazishi, akalala pale siku mbili, na asubuhi ya kwanza akaona beseni likipelekwa chumbani. Akasimama. "Mmemtuma mkamwana akamwogeshe mkwe wake?"

Wasiotoka kwetu huenda wasilione zito. Kwa Waluhya, baba mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka. Kwa desturi hawapeani mikono, hawakai karibu, na mwili wa mmoja si wa kuonekana na mwingine. Mjomba alikuwa hajui jina la yule dada, hajui ni mwaka gani, hajui kwamba mkewe alishafariki. Alijua huyu ni mkwe. Kile tulichokiita ukali kilikuwa heshima yake, ya mwisho aliyokuwa na nguvu ya kuilinda, akiilinda kwa ngumi kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha. Naye yule dada, ambaye kila asubuhi aliingia mle chumbani macho chini na kutoka akitetemeka, hakuna aliyemwuliza lolote. Utu wa watu wawili ulikuwa unasuguliwa katika beseni moja.

Sasa kijana wa jirani huja saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajatoa bodaboda yake, na tunamlipa. Maji ni ya moto. Huanza na mgongo, taulo limefunika mapaja, na humwambia kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Dawa ya kutuliza haikuhitajika. Sisemi hazihitajiki kamwe. Nasema ziwe zimetanguliwa na swali: anakataa nini?

Swali la tatu, la nani aseme, ndilo gumu, na mimi mwenyewe bado nalihangaikia. Chukua mfano. Mama mmoja wa Kaimosi, ambako Wakristo wa madhehebu ya Marafiki (Quakers) walifungua misheni yao mwaka 1902, ameishi miaka sabini bila kugusa pombe, na kwa kanuni za kanisa lake amewafundisha mamia ya vijana waikatae. Sasa ana demenshia. Kwenye matanga anaona watu wakivuta busaa kwa mirija, anautaka mrija, na akipewa anafurahi kwelikweli. Umpe?

Mwanasheria Mmarekani Ronald Dworkin, mwaka 1993, angesema hapana. Maisha ya mtu ni kama hadithi aliyoitunga mwenyewe, na aliyeamua yale makubwa akiwa timamu ana haki uamuzi wake ulindwe hata asipoukumbuka. Mwenzake Rebecca Dresser alimjibu kwamba aliyeketi mbele yako ni huyu wa leo, ana njaa ya leo na raha ya leo, na si haki kumfunga kwa mapenzi ya mtu ambaye hata haelewi alikuwa akiamini nini. Kisha Agnieszka Jaworska, mwaka 1999, akapita katikati: tazama kama bado ana kitu anachokithamini, si anachokitamani tu. Mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kupanga maisha na bado akawa na mambo yanayomwuma rohoni, na hayo ndiyo ya kufuatwa.

Mimi ningemtazama yule mama uso. Kama anautaka mrija kwa sababu wenzake wote wanao na yeye ameachwa nje ya duara, basi anachokitaka ni kuwa miongoni mwa watu, na uji kwenye kikombe kizuri, katikati ya duara, unaweza kumtosha. Kama akionja akatema na kuona aibu, amejibu. Kama anafurahi siku zote na hakuna dalili ya kusutwa, sitamnyang'anya mkononi mbele ya watu kwa ajili ya kulinda sifa ya ukoo. Najua wapo watakaonikatalia, na wana hoja.

Katika ardhi sina shaka kama hiyo. Shamba la mzee haliuzwi kwa kidole gumba kilichochovywa wino na mtu mwingine. Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 12 kinasema ulemavu haumwondolei mtu kutambuliwa mbele ya sheria. Anastahili kusaidiwa kuamua. Pale asipoweza kabisa kusimamia mali yake, Sheria ya Afya ya Akili inairuhusu mahakama kumteua wa kuisimamia, chini ya macho yake. Ni njia ndefu na ina gharama, lakini mzee anabaki mwenye mali ndani yake. Mapema zaidi, wakati bado anajieleza, kaeni naye, mwulizeni angependa nani amwogeshe, azikwe wapi, nini kisiuzwe, muandike.

Na binamu yangu? Nilianza na maneno yake, na sitaki asomeke kama mkosaji. Wapo waliomkosoa Kitwood kwamba nadharia yake humtwisha mhudumu mzigo: mgonjwa akididimia, basi ni wewe hukumtambua vya kutosha. Wahudumu wengi ni binti na wake za watoto, wasiolipwa, wasiopokezana. Mzee aliyefikisha miaka 70 akiandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na nepi za watu wazima peke yake huzimeza hizo kabla mwezi haujafika katikati. Anayeamka saa tisa usiku kila siku kwa miaka sita naye ni mtu, na akisema "sio yeye tena" mara nyingi anaomboleza, kwa sababu babake aliyekuwa akimwita kwa jina la utani hamwiti tena. Kilio hicho ni cha haki. Hakuna matanga yake, hakuna anayekuja na sukari na majani ya chai kumpa pole kwa mzazi aliye hai. Tulichoweza kufanya ni kugawana usiku: Ijumaa na Jumamosi nalala pale mimi, yeye analala kwake hadi asubuhi.

Shangazi wa Butere aliacha karatasi. Ameandika maneno 20 ya Kimarama kwa herufi kubwa, na maana zake, imebandikwa ukutani juu ya televisheni. Watoto wanayasoma wakipita. Wiki iliyopita mjukuu wa miaka saba alisimama mbele ya babu yake akamsemesha kwa neno moja la pale. Mjomba alikunja uso, akalirudia kwa matamshi yake. Mtoto akajaribu tena, akakosea, akarekebishwa tena. Mara ya tatu akalipata. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kisha akamwonyesha mlango wa nyuma na kumtuma akafunge kuku.

Tunao kuku watatu, bandani nyuma ya jikoni. Mtoto akaenda akawafunga.